Kiwanja cha miti Utange: nianze na shoka, maji au umeme? Na huu ufa wa nyumba ya jirani umeletwa na nini?

#1 Mwana_Utange
Asalaam aleikum, hamjambo nyote.

Kwa uwezo wa Mungu nimepata kiwanja cha robo ekari huku Utange, Mombasa, upande wa ndani, mbali na lami. Hati ninayo mkononi. Lakini nilichonunua ni msitu. Miti mikubwa nimeihesabu kumi na mmoja: minazi minne, miembe mitatu (mmoja ni ngowe, nishaonja), mikilifi miwili, mkorosho mmoja, na mbuyu kwenye kona ya nyuma. Chini yake michongoma mpaka hupiti bila kuchanika kanzu.

Ami yangu asema nifyeke yote ndipo nianze. Mke wangu asema mwembe usiguswe hata mmoja. Mimi niko kati.

Kilichonitia hofu ni nyumba ya jirani. Naye alinunua msitu kama wangu, akaangusha kila kitu kwa mwezi mmoja, akapiga msingi papo hapo. Masika ya pili hayajaisha, kona ya chumba cha kulala ikapasuka. Nimekwenda kuuona huo ufa. Unaanzia chini ya dirisha, unashuka ngazi ngazi ukifuata simiti ya kati ya mawe hadi kwenye msingi. Juu naingiza sarafu ya shilingi ishirini, chini waingia ukucha tu.

Nauliza mawili. Ule ufa umeletwa na nini? Na mimi nianze na kipi: miti, maji au umeme?

#2 Fundi_Kisauni
Waaleikum salaam. Ufa jibu lake jepesi: visiki.

Mwembe ukikatwa sawa na ardhi, chini kinabaki kisiki kikubwa kama meza ya kulia. Fundi mvivu anakifukia, anamwaga kifusi, slabu inapita juu. Kisiki hakiozi siku moja. Mwaka wa pili, wa tatu, kinageuka unga, mchwa wanamalizia, na chini ya msingi panabaki shimo. Mvua ikija mchanga unateremka mle, na ukuta nao unafuata.

Wewe usikubali mti ukatwe sawa na ardhi. Mwenye msumeno akuachie kisiki kirefu, kimo cha kifua. Chimbeni pembeni, mkate mizizi ya ubavuni, kisha fungeni mnyororo kule juu na kuvuta. Ule urefu ndio unaokupa nguvu ya kukitikisa. Ukiukata huna pa kushika, utachimba wiki nzima kwa sururu. Shimo nalo lijazwe kwa tabaka la shubiri moja moja: mwaga, tia maji, shindilia, mwaga tena. Lori zima likimwagwa kwa mkupuo halafu mkaenda kula, hapo ndipo ufa unapozaliwa.

#3 Binti_Likoni
Hongera kaka. Msikilize mkeo.

Sisi Likoni tulifyeka yote. Nyumba ilikuwa nzuri kwa picha, ya kukaa hapana. Kaskazi ya kwanza tulilala barazani miezi miwili, chumbani bati linawaka mpaka saa sita za usiku. Ulipoingia kusi, upepo wa baharini ukaja moja kwa moja, ukang'oa mabati matatu ya upande wa jikoni. Jirani aliyeacha miti yake hakupoteza hata moja. Mwembe tulioupanda baadaye ulichukua miaka saba kutupa kivuli cha kuweka mkeka.

Fanya hivi: ramani kwanza, shoka baadaye. Pigeni vigingi vya nyumba ardhini, mfunge kamba, ndipo mtembee na ndoo ya chokaa. Mti ulio ndani ya kamba au unaoigusa, tia alama. Uliobaki waonee huruma. Minazi tu angalia isiinamie paa. Nazi kavu ikidondoka juu ya bati usiku, nyumba nzima yaamka.

#4 Mjenzi_Jomvu
Fundi namba 2 nakuheshimu, lakini kuna sababu nyingine. Huku kwetu Jomvu udongo ni wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi wapasuka hadi mkono waingia, wakati wa mvua wafura. Mti mkubwa hunywa maji mengi sana chini. Ukiukata, yale maji hayana mnywaji tena, udongo unafura taratibu na kusukuma msingi juu. Miaka miwili yatosha kabisa. Huenda hiyo nyumba haikuzama. Iliinuliwa.

Kwa hivyo akate miti, aache kiwanja kinywe masika moja nzima, ndipo ajenge. Yule jirani alikata na kujenga kwa pupa.

#5 Fundi_Kisauni
Namba 4, hayo ni ya Jomvu na Changamwe. Utange ni mchanga, na chini ya mchanga jiwe la matumbawe. Mchanga haufuri.

Tena soma alivyoandika: ufa ni mpana juu, chini mwembamba. Ina maana kona ya nyumba ndiyo iliyoshuka, ukuta ukafunguka juu. Kama ni kufura chini ya hiyo kona, ufa ungefunguka chini.

#6 Mjenzi_Jomvu
Si Utange yote ni mchanga. Ukisogea kuelekea vilima vya Nguu Tatu, udongo wabadilika rangi chini ya miguu yako. Mleta uzi yuko "upande wa ndani". Achimbe shimo atuambie, tusibishane na ramani ya kichwani.

#7 Kobe_Mzee
Vijana mwapigania ufa. Mimi nauliza: hiyo miti ni ya nani?

Usicheke. Mombasa hii watu wamezoea tangu zamani nyumba kuwa ya mmoja na ardhi kuwa ya mwingine. Mwenye nyumba analipa kodi ya ardhi kila mwezi, na watoto wanarithi kuta bila kurithi mchanga ulio chini yake. Miti nayo ni vivyo hivyo. Mtu alipanda mkorosho babu yake akiwa hai, ardhi ikauzwa mara tatu, yeye bado huja kuokota korosho na hakuna anayemuuliza.

Mimi mwaka 2009 nilinunua shamba dogo Kisauni. Siku ya kwanza ya kukata, alikuja mzee na panga mkononi, hakusema neno, akakaa chini ya mkorosho. Karatasi zilikuwa upande wangu. Lakini utajenga vipi huku mzee amekaa pale? Tulikwenda kwa mzee wa mtaa, tukahesabu mti kwa mti, nikamlipa, akaweka dole gumba mbele ya mashahidi wanne. Tangu siku ile ndiye aliyenilindia simiti mpaka nikaezeka.

Jambo la pili, tafuta saveya akuonyeshe bikoni zote nne, yale mawe ya mpaka, kabla hujashika panga. Ukifyeka kuingia kwa mwenzio mita mbili, kesi yakusubiri. Na kama kuna mtu ameishi ndani ya hicho kiwanja waziwazi kwa miaka 12 bila ruhusa ya mwenyewe, sheria yampa nafasi ya kudai. Kwa hivyo tembea ndani ya hicho kichaka, utazame kama kuna kibanda.

#8 Mwana_Utange
Shukrani nyingi. Mzee Kobe, umenigusa. Kuna mama huja kuokota maembe, nami nilidhani ni mpita njia. Nitamuuliza kwa adabu.

Kibanda hakuna. Saveya aja Alhamisi. Nguzo ya umeme ya karibu nimehesabu hatua 140. Maji ya mfereji yapo kwa jirani lakini hutoka siku mbili kwa wiki.

#9 Nyali_Kwa_Mbali
Umeme usikutie wasiwasi, ni shilingi 15,000 tu. Serikali ilishusha kutoka 35,000 mwaka 2015.

#10 Stima_Tu
Namba 9, tusimpe mwenzetu matumaini ya karatasi. Bei hiyo ya 2015 ilitangazwa kwa mpango wa kusambaza umeme kwa waliokuwa ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma iliyolengwa. Mtu akienda peke yake leo, kampuni hutuma watu kupima, kisha humpa bei yake kulingana na nguzo na waya utakaohitajika. Asipange bajeti kabla hajaipata karatasi ile.

Mwana_Utange, hesabu hatua kutoka kwenye transfoma, usihesabu kutoka kwenye nguzo. Nguzo ya karibu yaweza kuwa mwisho wa laini iliyochoka, ukiwasha pasi taa zinafifia mtaa mzima.

Omba mapema, hata kabla ya msingi, kwa sababu hilo ndilo refu kuliko yote. Andaa kitambulisho, PIN ya kodi na nakala ya hati. Waya za ndani zifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, kwa kuwa karatasi yake ndiyo itakayodaiwa kabla mita haijafungwa. Na kabla hujakata mti wowote, simama uangalie njia ambayo waya utapita. Usije ukaacha mwembe ukaupenda, kisha ukalazimika kuukata baada ya nguzo kusimama.

Usivute umeme wa jirani kwa waya wa kupitisha mitini, nakuomba sana. Mtaani kwetu mtu alifanya hivyo wakati wa ujenzi. Waya ulifungwa kwenye tawi la mwembe, upepo ukausugua mwezi mzima mpaka ngozi yake ikachubuka. Mvua ya kwanza, mbuzi aliyejikinga chini ya mwembe akafa amesimama, ameegemea shina. Watoto walikuwa wamecheza pale asubuhi yake.

#11 Mama_wa_Wanne
Nimesoma hiyo ya mbuzi nimekwenda kuangalia waya zangu. Ahsante Stima_Tu.

Mimi nitasema la maji. Anza na maji. Zege, mawe, kumwagilia kuta, kushindilia mchanga, vyote vyataka maji. Sisi tulinunua kwa mkokoteni, madumu ya lita 20, na pesa za maji zilikula pesa za madirisha. Baadaye tukachimba kisima. Miaka mitatu kilikuwa kitamu, twapikia na kunywa. Kisha majirani wakajenga, kila mmoja na pampu yake, na maji yetu yakageuka. Sasa ni ya kuoshea sakafu tu. Chai ukiipika hainyweki.

Bado najiuliza ni kwa sababu ya pampu, au ni ile miti iliyokatwa mtaa mzima.

#12 Mchimba_Visima
Mama, pole. Nimechimba visima tangu nikiwa kijana, nikufafanulie.

Karibu na pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi. Ni maji ya mvua yaliyozama kwenye mchanga na mawe. Kanuni yake ni hii: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo kabla hujagusa chumvi. Sasa igeuze. Ukivuta mpaka maji yashuke nusu mita kwa juu, chumvi inapewa nafasi ya kupanda mita 20 kutoka chini. Pampu kumi zikivuta usiku kucha, chumvi haina sababu ya kukaa kule.

Kisima chenye maji ya chumvi mara nyingi kimechimbwa kirefu mno. Watu hudhani ukizidi kwenda chini ndio utamu. Huku kwetu ni kinyume. Ukigusa maji, ongeza kidogo tu, acha. Vuta polepole, mara nyingi, badala ya kuvuta kwa fujo mara moja. Na ukitaka kisima cha mashine, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji ni lazima, pamoja na mtaalamu wa kupima maji ya chini ya ardhi kabla.

Miti? Mti hunywa, hilo kweli. Lakini kivuli na majani yaliyooza vinasaidia mvua izame badala ya kukimbia. Sijui mizani yaelemea wapi kwa mtaa wako, Mama, na sitakudanganya.

#13 Mwalimu_Tudor
Kabla ya kisima, fikirieni birika, yaani tangi la kukusanyia mvua ya paa. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Misikiti ya Mji wa Kale ina mabirika, na hata ndani ya Ngome ya Yesu kuna birika la mvua pamoja na kisima.

Hesabu yake: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, kwa mwaka wenye milimita 1,000, lapokea lita 100,000. Toa moja ya tano ya kupotea, zabaki 80,000. Hizo ni lita 200 na zaidi kwa siku, mwaka mzima. Kazi ni kuwa na birika kubwa la kuvukia kiangazi.

Hapo ndipo miti inarudi kwenye mazungumzo. Matawi ya mwembe yakiwa juu ya paa, majani huziba gata na maji yatoka rangi ya chai. Mwembe waweza kubaki, ila matawi yasivuke ukuta.

#14 Nyali_Kwa_Mbali
Na hayo maji ya mfereji ya siku mbili kwa wiki, si yatoka Chemchemi za Mzima kule Tsavo? Bomba lile ni la miaka ya 1950, mwategemea nini?

#15 Mwalimu_Tudor
Bomba la Mzima ni la miaka hiyo, sawa. Lakini Kisauni na Nyali hutegemea zaidi visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, maji yapandishwa kwenye matangi ya Nguu Tatu. Likoni nao wana Tiwi na Marere. Mji mmoja, vyanzo vinne, na kiu moja.

#16 Nyali_Kwa_Mbali
Leo nimesahihishwa mara mbili kwenye uzi mmoja. Napokea, ahsanteni.

#17 Binti_Likoni
Namba 16, endelea tu kuandika, wengine twafaidika na masahihisho yako 😄

#18 Bi_Mvita
Wanangu, mumezungumza yote ila la mbuyu.

Mbuyu haukatwi hivi hivi. Tulivyolelewa, mti mkubwa kama ule una wenyewe. Ukitaka kuugusa, somesha Kurani, fukiza ubani, toa sadaka ya wali kwa watoto wa mtaa. Yule jirani alikuwa na mbuyu? Alifanya nini? Muulizeni, kabla hamjasema visiki.

#19 Mjenzi_Jomvu
Bi mkubwa, shikamoo. Majini nao watajua kupasua ukuta kwa ngazi ngazi, kufuata simiti?

#20 Bi_Mvita
Marahaba. Cheka mwanangu. Wali wa sadaka watoto watakula, hasara iko wapi?

#21 Fundi_Kisauni
Mimi naungana na Bi Mvita kwa njia yangu: mbuyu uacheni. Mti wake ni laini, umejaa maji, msumeno wazama kama kwenye sifongo. Hautoi mbao wala mkaa wa maana. Utalipa watu siku nne kupata kilima cha takataka inayonuka. Tazameni mibuyu ya Mama Ngina pale kwenye mlango wa bahari, ni fahari ya mji. Na uko kona ya nyuma, wamkera nani?

#22 Kobe_Mzee
Kuhusu mbao na mkaa: kukata ndani ya kiwanja chako ni jambo moja, kupakia lori ni jambo lingine. Mbao au mkaa zikipita barabarani zataka kibali cha KFS, shirika la misitu. Wengi hukamatwa na gunia saba za mkaa wa mwembe wao wenyewe. Mikoko msiguse kabisa, hata kama kiwanja chenu chafika majini.

#23 Mpita_Njia_Bamburi
Niliambiwa visiki humwagiwa chumvi ya mawe, kisha vyafa vyenyewe. Nafuu kuliko kuchimba. Kuna aliyejaribu?

#24 Fundi_Kisauni
Ndugu yangu, karibu na msingi usithubutu. Chumvi haiendi popote, yangoja mvua, yaingia kwenye zege na kula vyuma. Chuma kikiota kutu chavimba, zege lapasuka kutoka ndani. Ni sababu ile ile tunayokataa mchanga wa baharini. Kama kisiki kiko mbali na nyumba na huna haraka, toboa matundu, kiwashie makaa juu yake, kitakwenda chenyewe kwa siku mbili tatu, mtu akikichunga. Wakati wa kaskazi kali usiwashe kabisa, vichaka vyashika.

#25 Mpita_Njia_Bamburi
Nimeelewa. Basi nami nichangie. Upande wa upepo apande mivinje. Machimbo ya mawe ya Bamburi yalikuwa jiwe tupu jeupe, René Haller wa kampuni ya saruji alipoanza kupanda miti mwaka 1971 mvinje ndio uliokubali pale, chumvi na jua vyote. Leo ni msitu. Kama ulimea kule, Utange utamea.

#26 Dada_wa_Mtopanga
Mimi nina swali moja tu la nyumba iliyopasuka. Ina gata?

Kwa sababu yangu ilipasuka vivyo hivyo, kona ya chumbani. Tulilaumu visiki, tukalaumu mchwa, tukamlaumu fundi mpaka tukakosana naye. Kumbe maji yote ya paa yalikusanyika kwenye bonde la mabati na kumwagika pale pale konani. Masika mbili zilichimba handaki nyembamba kando ya msingi, ningeweza kulaza mkono mzima. Tuliweka gata na kumwaga zege lenye mteremko kuzunguka nyumba. Ufa haujasogea tena.

#27 Mchimba_Visima
Na mimi nitaongeza la kwangu: shimo la maji taka liko wapi?

Jiwe la matumbawe lina mapango. Nimeshawahi kuchimba mtaimbo ukaponyoka mkononi ukapotea. Ukimwaga maji taka kila siku juu ya jiwe la namna hiyo, mchanga ulio juu unaanza kuteremka kwenye mianya. Juu hujui. Siku moja kona yashuka.

Ndiyo maana sipendi ile kauli ya kwamba kisima na choo zikiwa mita 30 basi uko salama. Kwenye mchanga, mita 30 ni kitu. Kwenye jiwe lenye mianya maji hayachujwi, yakimbia kama kwenye bomba.

#28 Mama_wa_Wanne
Mbona afisa wa afya alituambia mita 30 zatosha?

#29 Mchimba_Visima
Mama, hajakudanganya, amekupa kiwango cha chini. Huku kwetu niongezee: choo kiwe upande wa chini wa mteremko, kisima upande wa juu, na maji ya kunywa uchemshe. Mabomba makubwa ya maji taka yako sehemu za kisiwani na upande wa Changamwe. Huku Kisauni kila mtu na shimo lake, na shimo la jirani laweza kuwa karibu na kisima chako kuliko shimo lako mwenyewe.

#30 Mwana_Utange
Nimerudi na habari. Poleni kwa kukawia.

Saveya ameonyesha bikoni zote. Mkorosho uko nje ya mpaka wangu kwa hatua moja! Nami nilikuwa nimeshautafutia mkataji. Mzee Kobe, Mungu akuweke. Yule mama wa maembe ni mke wa mlinzi wa zamani. Hana dai, ataka tu aendelee kuokota. Nimekubali.

Jumamosi tulichimba mashimo mawili. La kwanza, mahali itakapokaa sebule: mchanga mwekundu hadi futi nne, kisha jiwe. Mtaimbo ulipogonga ulilia mkavu, "ting".

La pili nilichimba karibu na ukuta wa jirani, upande wa ule ufa. Futi ya tatu tukakuta kitu cheusi, laini, chakatika kwa vidole kama keki ya jana, chanuka tumbaku mbichi. Ni mzizi wa mwembe, mnene kama paja, umeoza wote, mchwa ndani, na unaelekea kwake. Tukaendelea. Futi ya tano jiwe, lakini hili mtaimbo ulipogonga ulitoa sauti ya mlango wa kabati. Mchanga wa pale ulikuwa umelowa, nasi hatujapata mvua wiki tatu. Shimo lake la maji taka liko nyuma ya ukuta ule ule.

Na Dada wa Mtopanga, nimechungulia: hana gata hata moja.

#31 Fundi_Kisauni
Mzizi umeoza. Nilisema.

#32 Mchimba_Visima
Sauti ya kabati na mchanga uliolowa bila mvua. Nilisema.

#33 Dada_wa_Mtopanga
Hana gata. Nami nilisema.

#34 Mjenzi_Jomvu
Mchanga mwekundu, si mweupe. Una udongo ndani yake. Chukua konzi, tia maji, finyanga. Ukishikana ukawa kama mdudu mrefu usiokatika, nami nitakuja kusema nilisema.

#35 Bi_Mvita
Alikuwa na mbuyu?

#36 Mwana_Utange
Bi mkubwa, nimemuuliza mkewe. Ulikuwapo, mdogo, pale pale ilipo ile kona. Zaidi ya hapo sijasema neno.

Namba 34, nimefinyanga. Mdudu alifika nusu ya kidole akakatika.

Nimeamua nyumba nisogeze mita sita kutoka ukuta ule, hata kama uwanja wa mbele utapungua. Shimo la maji taka naliweka upande wa barabara, ambako ardhi yateremka, na kisima sichimbi kwanza. Birika la Mwalimu ndilo litakalotangulia, nilitumie hata kwa ujenzi. Ombi la umeme nimepeleka Jumatatu. Miembe miwili iko ndani ya kamba, itaondoka na visiki vyake vyote, kwa kimo cha kifua kama alivyosema fundi. Tutakata Januari, kukiwa kukavu, ili shimo lipate masika nzima ya kukaa kabla ya msingi. Ngowe ubaki. Mke wangu ameupaka chokaa mwenyewe, duara mbili, mtu asije akakosea.

#37 Binti_Likoni
Mpe salamu zangu huyo mkeo.

#38 Stima_Tu
Hiyo ngowe, ina umbali gani na njia ya waya?

#39 Mwana_Utange
Mita tisa. Nimepima kwa kamba.

#40 Dada_wa_Mtopanga
Na jirani, umemwambia la gata na la mchanga uliolowa? Wakati wa masika hapo pana watoto wanaolala chumba kile.

#41 Mwana_Utange
Bado. Nakwenda leo baada ya alasiri, na lile pande la mzizi nimelifunga kwenye gazeti alione.